Msichana Hajakomaa, Amebebeshwa

Hapa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, mzazi akisema "wasichana hukomaa mapema," mara nyingi kuna mvulana anayesamehewa jambo. Kamtukana dada yake, kavunja dirisha la jirani, kaacha sahani pale pale alipokula. "Mwache, bado mtoto." Dada mwenyewe ana miaka 12, yuko darasa la saba, na saa hiyo yuko uani anafua nguo za nyumba nzima huku mdogo wao kamshika sketi. Huyo ndiye tunayemwita mtu mzima.

Msemo huo unatumika vibaya. Ni kweli mwili wa msichana hutangulia: wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Lakini huo ni mwili. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomzuia mtu asitende kabla hajafikiri, huendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, kwa wake na waume. Binti wa miaka 12 anayetulia kila akionewa huenda amefundishwa kumeza tu, na uchungu uliomezwa bado upo.

Mvulana naye tumemnyima. Tangu mdogo anaambiwa mwanaume halii. Haruhusiwi kuogopa, kuona haya wala kuwa mpweke. Hasira peke yake ndiyo haikemewi mapema. Akipigana shuleni anachapwa, ingawa Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni.

Binti wa Kiganda ana ssenga, shangazi yake, wa kumfundisha mambo ya utu uzima. Shuleni kuna mwalimu mlezi wa wasichana, na wavulana nao wana wao. Huyu wa wavulana, katika shule ninazozijua, hutafutwa siku ya fujo tu.

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wasichana wengi walipata mimba, na tuliwasema sana, wakati mwingine kwa ukatili. Wavulana wengi wa huku kwetu Busoga waliingia mashamba ya miwa, wakashika pesa, wakakaa na watu wazima wanaokunywa. Waliorudi darasani waliambiwa wanyoe, wavae sare, wanyamaze. Nani aliwauliza waliona nini kule? Mpaka leo hilo linaniuma.

Baba zangu na mama zangu, tuanze na sahani: aliyekula aoshe, awe Hassan au Zainabu. Jioni muulize mwanao wa kiume kilichomtia hofu leo, na akijibu usimcheke wala usimkatize. Binti naye akikasirika, usimwambie "wewe ni mkubwa." Msikilize mpaka amalize, ndipo umtume maji, na kaka yake abebe dumu la pili.