Kwetu Anayelipa Vizuri Hana Jina

Kampuni ya stima imenirudishia dipoziti. Sikuandika barua wala kumtafuta mtu anayemjua mtu. Nilifungua bili ya mwezi huu nikakuta dipoziti yangu imepunguzwa humo, na riba kidogo juu yake, kwa sababu nimelipa kwa wakati mwaka mzima. Nilipohamia hapa Dallas waliniitisha dipoziti hiyo kwa kuwa hakukuwa na rekodi yoyote ya kuwaonyesha mimi ni mlipaji wa namna gani. Wenzangu mnaopanga nyumba Nairobi au Eldoret mtanielewa nikisema nilifurahi kupita kiasi. Sisi dipoziti tunaiaga siku tunayoitoa.

Watu wengi nyumbani hudhani mgeni akifika Marekani huanza na alama ndogo ya mkopo, yaani namba inayomwonyesha mkopeshaji unavyolipa madeni, halafu anapanda polepole. La, mgeni hana alama kabisa. Alama ya FICO, ambayo wakopeshaji wengi wanaitumia, huanzia 300 na kuishia 850, na haitolewi mpaka uwe na akaunti ya mkopo iliyofikisha angalau miezi sita. Kabla ya hapo ukienda kupanga nyumba, kuchukua gari kwa mkopo, au hata kuomba simu ya kulipia kila mwezi, mtu anabonyeza jina lako kwenye kompyuta na kompyuta haina la kusema. Basi unalipa dipoziti. Kila mahali dipoziti.

Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Nilikuwa mwalimu wa sekondari. Sacco yetu ilinikopesha ada za wadogo zangu, ikanikopesha ploti, na kila mkopo niliumaliza. Nimewadhamini walimu wenzangu, na nimekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama ambao hawasamehe shilingi. Ofisa wa mkopo hapa hakuwa na pa kuyaandika hayo. Jambo linalonikera zaidi ni kwamba kati ya mashirika matatu makubwa yanayotunza rekodi za wakopaji Marekani, Equifax, Experian na TransUnion, hilo la mwisho liko pia Nairobi. Jina ni hilo hilo. Lakini rekodi ya Nairobi haipandi ndege pamoja nawe.

Kwa hiyo nikaanza kama wageni wote wanavyoanza, kwa kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka benki dola 300 zako mwenyewe, kisha wanakupa kadi ya kukopa dola hizo hizo 300. Mama yangu nilipomweleza alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza: "Mwanangu, sasa hapo umekopa nini?" Nilimwambia ninanunua rekodi, mama. Nilitumia kadi hiyo kwa petroli tu, nikalipa yote kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho, na sikuiacha ipande kupita theluthi moja ya kiwango chake. Kulipa kwa wakati ni asilimia 35 ya alama ya FICO, na kiasi unachodaiwa ni asilimia 30. Ukizishika hizo mbili, mengine yatakuja na muda.

Sasa nifikie kinachonifanya niandike. Nilipoitisha ripoti yangu kwa mara ya kwanza nilikuta ile kadi ya petroli imechorewa safu ya visanduku vidogo, kila mwezi na kisanduku chake, na ndani ya kila kisanduku alama ya tiki. Ni tiki tu, hakuna maelezo marefu. Lakini mtu asiyenijua, ambaye hatakaa anione, anaweza kuziangalia tiki hizo akanipunguzia riba. Kulipa kwangu kumeandikwa, na kumepewa bei.

Kwetu je? Wewe uliyemaliza mkopo wako vizuri, jina lako limeandikwa wapi, na limekusaidia nini? CRB, yaani mashirika yetu ya kutunza rekodi za wakopaji, tunaijua kama mahali pa kutupwa. "Utawekwa CRB" ni tisho, kama fimbo. Sijawahi kusikia Mkenya akisema kwa furaha kwamba yuko CRB, ilhali hata wanaolipa mikopo ya benki vizuri wamo humo. Ukitafuta kazi unaambiwa ulete cheti cha CRB, na cheti chenyewe kinasema tu kwamba huna doa. Hakisemi ulilipa miaka mingapi bila kukosa. Aliyelipa mkopo wa nyumba hadi shilingi ya mwisho na kijana ambaye hajawahi kukopa hata mia wanapewa karatasi ile ile.

Naona mtu ameshaanza kuandika: "Mwalimu umekanyaga Marekani juzi na sasa kwenu kila kitu kibaya." Ndugu yangu, sijasema kila kitu. Nimesema kitu kimoja. Na katika pesa za simu sisi tuko mbele, wala sioni haya kulitamka. M-Pesa ilianza 2007, na mama mboga anapokea malipo kwa simu zaidi kuliko anavyopokea noti. Hapa mwenye nyumba wangu alitaka hundi ya karatasi, niiandike kwa kalamu, niitumbukize kwenye kisanduku cha ofisi yake. Tena kodi hiyo ya nyumba, ambayo ndiyo mzigo wangu mkubwa wa kila mwezi, kwa kawaida haiingii kwenye alama ya mkopo. Unalipa zaidi ya dola elfu moja kila mwezi na haihesabiki, unalipia petroli ya dola thelathini kwa kadi na inahesabika! Hilo silitetei.

Mwingine atasema Wamarekani wamezama kwenye madeni na hizo alama ndizo minyororo. Ana haki ya kusema. Riba ya kadi nyingi hapa inavuka asilimia 20 kwa mwaka. Ukichelewa siku 30 doa linaandikwa na linaweza kukaa miaka saba. Hapa Texas hata bima ya gari inaweza kupanda kwa sababu ya rekodi yako ya mkopo, na mimi sielewi deni langu la kadi linahusiana vipi na ninavyoshika usukani. Na mwaka 2017 wezi waliingia kwenye mitambo ya Equifax wakaondoka na taarifa za watu takriban milioni 147, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuombwa ruhusa taarifa hizo zikusanywe.

Yote hayo ni kweli. Lakini usiniambie sisi tumeukimbia utumwa wa deni. M-Shwari, ile mikopo ya simu kupitia M-Pesa, ilipoanza 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Zidisha mwenyewe kwa miezi kumi na miwili, kisha urudi tuzungumze kuhusu asilimia 20 ya Mmarekani. Watu wetu wanakopa asubuhi na kulipa jioni, wanaamka na kukopa tena. Wanalipa! Hilo ndilo ninalotaka lionekane.

Mdogo wangu ni mwendeshaji wa boda boda. Pikipiki aliichukua kwa mkopo, analipa kila siku kwa simu, mvua au jua, siku za maandamano na siku za mafuta kupanda. Meseji za malipo hazifuti, anazihifadhi zote kwenye simu iliyopasuka kioo, na ukimuuliza anazipitisha kwa kidole gumba mpaka utoke jasho kwa niaba yake. Alimaliza deni. Alipotaka pikipiki ya pili akarudi kwa mkopeshaji yule yule, na akapewa riba ile ile, malipo ya mwanzo yale yale, na logibuku ya pikipiki ya kwanza, yaani hati ya umiliki, akatakiwa kuiacha kama dhamana. Alifungua zile meseji kumwonyesha yule bwana wa kaunta. Bwana hakuziangalia.

Niambieni huyo kijana atofautishweje na yule aliyetoroka na pikipiki hadi mpakani. Kwa mkopeshaji wake wote wawili ni hatari sawa, na anayelipa ndiye anayemlipia aliyetoroka. Kisha tunashangaa kwa nini vijana hawaoni maana ya kulipa.

"Tuna Sacco, mwalimu." Tunazo, na ni fahari yetu. Sacco inakukopesha mara tatu ya akiba yako, wadhamini wako wanakujua mpaka boma lenu, na mtu anayekujua hivyo anaona mambo ambayo hakuna kompyuta ya Marekani itayaona. Siwezi kusahau kwamba bila wadhamini wangu wadogo zangu wasingesoma. Lakini heshima ile inaishia mlangoni pa Sacco. Ukihama kazi, ukihamia mji mwingine, au ukiwa mwendesha boda asiye na hati ya mshahara, unaanza upya na watu wasiokujua, sawasawa na mimi nilivyoanza Dallas.

Na hili si jambo la kusubiri sheria mpya. Kanuni za CRB za mwaka 2013 zilishafungua mlango, taarifa za walipaji wazuri zipelekwe pamoja na za waliokosa. Sheria ya kudhibiti riba ya 2016 ilipoondolewa Novemba 2019, mabenki yalituambia sasa kila mteja atapewa bei kulingana na rekodi yake. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, nayo ilianza 2022 kwa mikopo ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, na ukilipa vizuri kiwango chako kinapanda. Kiwango kupanda ni sawa, ila mlipaji mzuri hahitaji deni kubwa zaidi tu. Anahitaji deni la bei nafuu. Hapo ndipo wakopeshaji wetu wanaponyamaza.

Kwa hiyo kabla hujaniandikia kwamba nimepotea na nimekuwa Mzungu, fanya nilichomwomba mdogo wangu afanye. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja ya CRB ya bure kila mwaka. Si cheti, ripoti. Aiitishe aone kama mkopo wa pikipiki umeandikwa kwamba ulilipwa wote. Ukiwa haumo, alalamike kwa maandishi, kwa mkopeshaji na kwa shirika la rekodi, na aambatanishe zile meseji. Barua nimeshamwandikia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ukiwa umo, basi aichapishe ripoti nzima aende nayo kwa mkopeshaji mwingine, aiweke mezani, na aulize bei yake ni ngapi.