Siku Bahari Ilipoingia Nzuguni

Mke wangu alikwenda semina Morogoro akaniachia watoto wawili na sharti moja: wasitoke nje saa za jua kali. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, shule zimefungwa, mvua inatishia kila jioni halafu inaghairi. Anayelijua jua la Dodoma la miezi hiyo hahitaji kuelezwa. Ikifika saa tano bati linaanza kulia lenyewe, na mbuzi wa jirani wanahamia kwenye kivuli cha ukuta wetu bila hata hodi.

Bi Mkubwa ana miaka mitano na maswali ya mtu mzima. Bwana Mdogo ana mitatu na hana swali hata moja. Yeye hujaribu tu, majibu tutayaona wote. Asubuhi ile, kabla hata chai haijapoa, walikuwa wamemaliza katuni, wamemaliza ugomvi, wamebaki kunitazama mimi.

Nikaingia mtandaoni kutafuta kazi za mikono za watoto wa ndani ya nyumba wakati wa kiangazi. Ziko tele, ila nyingi zimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao joto lao linaanza Juni. Juni hapa kwetu ni kipupwe, watu wako kwenye masweta wanakunywa chai ya tangawizi. Halafu kwao kiangazi bila bahari hakijakamilika: samaki wa sahani za karatasi, bahari ndani ya chupa, nyota za baharini za unga, ufukwe ndani ya boksi. Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Watoto wangu wamezaliwa Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka pwani, na maji mengi kuliko yote waliyowahi kuyaona mahali pamoja ni tangi la jirani. Damu ikanichemka. Nikatangaza kwamba leo bahari inakuja kwetu Nzuguni.

Tukaanza na nyota. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji unamimina kidogo kidogo huku unakanda mpaka donge liache kunata mikononi. Wale wa mtandaoni wanakausha kwenye oveni kwa moto mdogo, saa nzima na zaidi. Sisi tulizipanga dirishani. Hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba oveni ni anasa. Bwana Mdogo alijaribu moja ikiwa bado mbichi. Uso wake ulikunjika ukakunjuka mara kadhaa, kisha akajaribu ya pili, labda ni tofauti.

Bahari ya chupa nayo ilikubali. Maji nusu, rangi ya keki ya bluu matone machache, juu yake mafuta ya kula. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yanaelea, na ukiilaza chupa na kuiinamisha huku na huku, wimbi zito linatembea taratibu kutoka kizibo hadi kitako. Bi Mkubwa aliitikisa akaniuliza kama ya Tanga nayo ina mafuta. Nikamwambia bandarini, kidogo.

Bahari kubwa ndiyo iliyonipa kazi. Maelekezo yalitaka mfuko mkubwa wa plastiki wa bluu, na mifuko ya plastiki nchini ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Kabatini kulikuwa na shuka la bluu. La mke wangu. La wageni. Nikalitandaza sebuleni na nafsi yangu ikanyamaza. Kwa mchanga wa ufukweni tukamwaga pumba za mashineni, safi kabisa, hazina kokoto. Kwa mawingu nikapasua mto wa zamani wa sufi, tukaanza kubandika kwenye boksi la televisheni kwa gundi ya uji wa ngano, ile tuliyotengenezea tiara utotoni. Mawingu matatu yalikaa. Sufi nyingine ilibaki katikati ya sebule, kilima kizima, ikisubiri zamu yake.

Hapo umeme ukakatika.

Pangaboi lilikuwa namba tano, likasimama taratibu. Nani anakumbuka kuzima swichi wakati feni imeshasimama? Joto likashuka kutoka kwenye bati kwa miguu yote miwili. Nikavua shati, nikabaki na kikoi, nikajilaza kwenye bahari yangu. Bi Mkubwa akaja akasema anataka kuchora nyangumi na karatasi zimekwisha. Akanitazama tumbo. Mimi nikalitazama pia. Kwa ukubwa wa eneo, hoja yake haikuwa na kasoro. Akachovya kidole kwenye rangi ya keki akaanza kazi, na Bwana Mdogo akapewa idara ya mkia. Kitovu kikawa jicho.

"Hodi humu ndani."

Nikasema karibu, nikijua ni mtoto wa jirani. Mlango ukafunguka. Alikuwa mama mkwe, kutoka Mpwapwa, kiroba cha karanga kichwani na jogoo kwapani. Sisi tunakaa karibu na stendi kuu, kwa hiyo mama huyu akishuka basi hapigi simu, anatokea.

Siku nilipooa, wajomba wa mke wangu walinikalisha chini wakanifundisha namna ya kukaa na mama mkwe: macho chini, sauti chini, vifungo vya shati vyote. Hawakugusia nyangumi.

Nikainuka nusu, mikono miwili tumboni, nikasema, "Mbukwenyi, mama," na kabla hajaitikia, umeme ukarudi.

Pangaboi lililoachwa namba tano halianzi kwa adabu. Kilima cha sufi kiliondoka sakafuni chote kwa mkupuo, kikagonga dari, kikaanza kushuka. Pumba zikafuata, halafu unga wa kwenye sinia. Sikumwona mama mkwe. Nilimsikia tu akipiga chafya na kumtaja Mungu kwa Kigogo. Bi Mkubwa, aliyeiona theluji kwenye picha za kalenda, alirukaruka akipiga makofi, "Baba, tumefika Kilimanjaro!" Tulianza asubuhi na kiangazi, na sasa sebule yetu ilikuwa na hali ya hewa ambayo wale wa mtandaoni wanaiandikia ukurasa mwingine.

Jogoo aliponyoka. Akatua katikati ya bahari, akajikung'uta, akainamisha kichwa na kuanza kula ufukwe.

Nilijikokota mpaka ukutani nikazima swichi, nikavuta shuka nijisitiri. Nililivuta na kila kilichokuwa juu yake, pamoja na chupa ya bahari, ambayo kizibo chake Bwana Mdogo alikuwa ameshakijaribu. Maji ya bluu na mafuta yake yakashika njia kuelekea kwenye kiroba cha karanga.

Mama mkwe alikaa kwenye kochi, mweupe kuanzia kilemba hadi kandambili. Hakusema kitu. Bwana Mdogo, ambaye tumemfundisha kuwa mgeni hukirimiwa, akaenda dirishani akamletea nyota kwenye kisahani. Na mgeni mstaarabu hakatai. Aliimega kwa meno, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Nani amepika?"

"Baba," wakajibu wote wawili.

Alimeza. Namheshimu yule mama mpaka leo kwa kumeza. Kisha akamuuliza mjukuu wake hivi vyote ni nini, na Bi Mkubwa akamtembeza kama diwani anayekagua mradi: hapa ndiyo maji, pale jogoo aliposimama ndiyo mchanga, yale juu yalikuwa mawingu, na huyu mkubwa, akanifunua shuka kwa mbele, ndiye nyangumi.

"Kwa hiyo hii ndiyo bahari?"

"Ndiyo, bibi."

Akatazama sebule yote kwa zamu, akaishia kwangu.

"Basi wazee wetu walijua walichofanya kukaa Mpwapwa."

Kufagia tulifagia, lakini sufi haifagiliki. Ukiifuata na fagio inakukimbia. Nyangumi nilimsugua kwa sabuni ya mche, kwa dodoki, kwa limau. Akabadilika tu rangi kidogo, akawa kama mgonjwa. Nilivaa shati la mikono mirefu nikafunga vifungo mpaka shingoni, nikakaa mbali, macho chini, kama wajomba walivyoagiza.

Baada ya chakula mama mkwe akampigia simu binti yake. Alizungumza Kigogo tupu, kwa utulivu, kwa muda mrefu, nami nisiambulie chochote. Kisha katikati ya maneno nikasikia "nyangumi". Kicheko cha mke wangu kilitoka Morogoro kikajaza sebule, na simu haikuwa kwenye spika.