Mwenye Miguu Mitano

Kila Desemba watani wetu husema kwamba sisi wa Kilimanjaro tunarudi nyumbani kuhesabiwa. Utani huo siukatai, kwa kuwa mabasi ya kuanzia tarehe 20 yanautolea ushahidi wa kutosha. Ninachotaka kueleza ni kwamba katika ukoo wetu hesabu hiyo hufanywa kwa picha, na kwamba kwa miaka 19 mfululizo, tangu niliponunua kamera yangu ya kwanza, mimi ndiye ninayehesabu wenzangu na sijawahi kuhesabiwa. Katika albamu zetu wamo mashangazi, wamo wakwe, yumo hata mbuzi wa mwaka 2014 dakika chache kabla hajaitwa kwenye shughuli yake, lakini mimi simo. Mjukuu wangu wa miaka 6 alipoonyeshwa albamu hizo aliuliza kama wakati ule babu alikuwa hajazaliwa.

Swali lile ndilo lililonipeleka soko la Memorial mwezi Novemba kutafuta stendi ya kamera ya mtumba. Ninasema stendi kwa kuwa ndivyo tunavyoiita huku kwetu Moshi. Wenye maduka ya vioo huiita tripodi, na bei hupanda hapo hapo. Yangu ina miguu mitatu ya bati jepesi, kila mguu una vibano viwili vya plastiki, na kibano kimoja kilikuwa kimevunjika nikakifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Kwenye nyayo zake kuna raba mbili nyeusi za asili na moja ya bluu niliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye kandambili. Muuzaji alianza na shilingi 40,000, tukaachana kwenye 22,000, kila mmoja akiamini kwamba amemwibia mwenzake. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kamera ingekaa juu ya stendi, ningebonyeza, nayo ingenipa sekunde 10 za kukimbia na kujiunga na ukoo wangu.

Basi tarehe 27 Desemba, tukiwa watu 14 na sufuria tatu za pilau, tulikodi kosta, tukapita Himo, tukapanda hadi kwenye maporomoko fulani ya upande wa Marangu, ambayo sitayataja kwa sababu Desemba ijayo ningependa kuingia tena pale bila kukumbukwa.

Kiingilio tulilipa bila ubishi. Dirishani palibandikwa tangazo lililokataza kutupa taka, kulewa na kuogelea bila mwenyeji, na chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya wino kwamba stendi za kamera ni marufuku bila kibali. Mimi sikulisoma, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipa huwa hasomi. Alilisoma kwa niaba yangu kijana wa getini, mwenye adabu zake zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, hicho kilicho kwapani ni nini?"

"Ni stendi ya kamera."

"Basi mzee wangu, wewe ni kampuni."

Niligeuka kuitazama kampuni hiyo. Nilimwona mke wangu, Mama Neema, akiwa amejitwisha sufuria, na shemeji yangu akikung'uta kokoto kutoka kwenye kiatu. Kijana alinifafanulia kwa upole kwamba mgeni wa kawaida huishika kamera yake mkononi, na kwamba anayeisimamisha juu ya miguu anapiga picha za biashara. Mtu wa biashara hulipa ada ileile ya wanaokuja na magari ya kupiga filamu, na kibali chake huombwa kwa barua, katika ofisi ya mjini, siku za kazi, na ofisi hiyo ilikuwa imefungwa mpaka mwaka mpya. Nilipiga hesabu kimoyomoyo nikaona kwamba mbele ya sheria ile mwenye miguu miwili ni mgeni, na mwenye miguu mitano ni kampuni.

Ningevumilia, kama si yale niliyoyakuta bondeni. Juu ya jiwe lililo zuri kuliko yote, ambalo nilikuwa nimelikusudia kwa ajili ya ukoo, vijana wanne walikuwa wamesimika simu kwenye fimbo ndefu yenye taa ya duara, wakawa wanacheza muziki usiosikika kwa sababu ya maji. Kipande cha kiuno walikirudia mara 11; nilihesabu, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Simu ile ilikuwa na thamani ya kamera yangu mara tano, na mmoja wao alinieleza bila kuficha kwamba video zile ndizo zinazomlipia kodi ya chumba Arusha. Nilipomrudia kijana wa getini na taarifa hiyo, alinijibu kwamba simu si kamera, simu ni simu.

Hapo binti wa mdogo wangu, ambaye huongoza watalii Arusha na kwa hiyo amekwisha kuambiwa kila kitu na kila taifa, aliniweka kando. "Baba mkubwa," alisema, "usimwonee kijana wa watu, mambo haya yako dunia nzima." Akanihesabia kwa vidole. Taj Mahal kule India huingii na stendi. Makumbusho ya Louvre ya Paris hukunjui stendi mbele ya michoro yao, na hata fimbo ya kujipigia picha wameikataa. Juu ya jengo la Empire State kule New York ni vivyo hivyo. Mnara wa Eiffel nao, ukiupiga picha mchana ni wako, lakini ukiupiga usiku ukataka kuiuza picha hiyo ni lazima uombe ruhusa, kwa kuwa mpangilio wa zile taa umelindwa kama kazi ya msanii. Nilimwambia kwamba kwetu umeme ungepewa hakimiliki, mwenye haki hiyo angekufa njaa kwa jinsi unavyokatika.

Hata hivyo nilimbana aseme ukweli wote, naye, kwa kuwa ni mtoto mwaminifu, akakiri kwamba barabarani New York, pamoja na msongamano wao wote, mtu husimamisha stendi yake bila kibali mradi asijifanye kwamba njia ni yake peke yake. Akaongeza kwamba Wamarekani wametunga sheria iliyosainiwa Januari 2025, inayosema kwamba katika hifadhi zao za taifa kundi lisilofika watu 6, lisilowazuia wengine, halihitaji kibali cha kupiga picha wala kulipa ada, na stendi imetajwa humo kwa jina lake kuwa ni kifaa cha mkononi. Moyo wangu ulifurahi. Kifaa cha mkononi! Nilikuwa tayari ninapanda kwenda getini kumsomea kijana sheria za Marekani, ndipo Mama Neema akaniuliza, bila hata kulitua sufuria, kwamba sisi tulikuwa watu wangapi.

Sipendi nionekane mtu asiyeelewa sababu. Droni ninaielewa: kitu kinachoruka na kiombewe kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala sina neno. Stendi yangu haijawahi kuruka, isipokuwa mara moja, na hiyo ni siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani wiki mbili kabla ya safari hii, ambapo niliisimamisha kwenye njia ya katikati kanisani na shangazi mmoja mwenye mwili wa heshima akapita, pindo la kitenge chake likanasa mguu mmoja, naye akaendelea kutembea kuelekea altareni akiikokota kama mbuzi wa sadaka. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia ya maporomoko ni nyembamba, kwamba mawe yana utelezi na kwamba watu watajikwaa, nitakunja miguu yangu yote mitano na kukaa pembeni. Lakini kijana hakuniambia habari za njia. Alihesabu miguu.

Isitoshe, mahali penye maporomoko ndipo stendi inapohitajika kuliko popote. Bondeni chini ya miti ile mwanga ni wa saa kumi na mbili jioni hata kama ni saa sita mchana, na maji hayatoki laini kama pamba mpaka lenzi iachwe wazi nusu sekunde au zaidi. Wapiga picha wa zamani walitufundisha kwamba ukiwa na lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde ukiwa umeishika kwa mkono. Nusu sekunde kwa mkono wa mtu mwenye miaka 61, aliyepanda na kushuka ngazi za udongo mara mbili kwenda kubishana getini, haitoi picha ya ukoo, inatoa moshi.

Niliamua kutii sheria kwa akili. Stendi niliibana kwapani ikiwa imekunjwa, kwa kuwa kubeba hakukukatazwa, nikatafuta mawe. Nilipata mawe matatu mazuri, nikayapanga kama bibi yangu alivyopanga mafiga yake, kwa sababu kitu chenye miguu mitatu hakitikisiki hata ardhi ikiwa na mashimo, na hilo watu wetu walilijua kabla ya kamera yoyote kufika mlimani. Kamera ilikaa juu yake imetulia kama chungu. Nilikuwa nimekwisha kuupanga ukoo kwa vimo nilipoona viatu vya kijana wa getini pembeni ya jiwe la kwanza. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mzee," alisema kwa masikitiko ya kweli, "hayo yako matatu."

Nilitoa moja. Kamera ikalala kifudifudi.

Nadhani ndipo aliponihurumia, kwa maana alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, akaniambia niende kwa watu wangu, picha atapiga yeye. Nilimvisha mkanda shingoni, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwomba abane viwiko mbavuni na asipumue. Kisha nikakimbia juu ya mawe yenye utelezi nikasimama katikati ya ukoo wangu, kwa mara ya kwanza katika miaka 19, nikageuka, nikaona kwamba kidole kilikuwa juu ya swichi ya kuzimia. Nilinyoosha mkono kumwelekeza, nikapaza sauti, na katika mkurupuko huo ukanda wa mpira wa baiskeli ulikatika kwapani mwangu, mguu mmoja wa stendi ukateremka mpaka chini, tak! Wakati huo huo kijana akabonyeza mahali penyewe.

Tulikusanyika kuitazama kwenye kioo. Maji yalitoka moshi, wakwe walitoka moshi kidogo. Mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimejikita kwenye ule mguu, nilitoka safi kabisa, mdomo wazi, kidole kimenyooka. Kijana aliisogeza kamera karibu na macho yake.

"Mzee, hapa stendi imefunguka."

"Mguu mmoja tu, mwanangu."

Akafikiri, akahesabu tena, safari hii kwa midomo.

"Mmoja si neno. Hiyo tutaihesabu kuwa ni fimbo."

Mama Neema ameikuza picha hiyo na kuitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo vya wageni. Kila anayeingia huuliza nilikuwa ninamfokea nani. Mjukuu wangu amenikuta humo hatimaye, na sasa anataka kujua babu alianza lini kutembelea mkongojo.