Seli kujila yenyewe: tusiseme tu inaua virusi, dengi inafaidika nayo

Tangu Yoshinori Ohsumi wa Japani apewe tuzo ya Nobel 2016 kwa kazi yake ya otofajia, yaani seli kuvunjavunja vitu vyake chakavu na kuvitumia upya, watu wameibeba kama dawa ya kila kitu, eti ukifunga kula tu otofajia inawaka na virusi vinaliwa humohumo ndani ya seli. Upande huo una ushahidi, sikatai. Kirusi cha herpesi, kile cha malengelenge ya mdomoni, kina protini inaitwa ICP34.5 ambayo inaishika Beclin 1, protini ya seli zetu inayowasha otofajia, ili otofajia isianze, na watafiti walipoondoa ile sehemu ya kushikia, kirusi kikapoteza makali kwenye ubongo wa panya.

Sawa, ila wengi wanaishia hapo na mi naona ni mapema mno. Chukua dengi, Dar tunaijua, ilitupiga 2014 na 2019 ikarudi. Yenyewe haiikimbii otofajia, inaiwasha! Seli huwa imejiwekea akiba ya mafuta kwenye vitone vidogo, sasa dengi inailazimisha seli ivivunje, asidi za mafuta zinatoka, zinachomwa kwenye mitokondria, nishati inapatikana na kirusi kinajinakili. Jaribio la maabara la 2010 ndo silichoki kulirudia: walizima otofajia, dengi ikazaliana kidogo, afu wakaziongezea seli zilezile asidi za mafuta kutoka nje na kirusi kikainuka tena. Yaani kilichokuwa kinatafutwa mle ni chakula, na sisi ndo tunakipika. Polio nayo inapakiwa kwenye vifuko vya utando vya mfumo huohuo, virusi vingi kwa pamoja, vinatoka nje seli ikiwa haijapasuka.

Basi tuizime? Nayo si rahisi hivyo. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, inakwamisha lisosomu, vile vifuko vya kusaga taka ndani ya seli ambapo mzigo wa otofajia unamalizikia, na kwenye jaribio la RECOVERY Uingereza 2020 wagonjwa wa korona waliopewa walikufa 27% ndani ya siku 28, wasiopewa 25%, haikusaidia.

Kinachoniuma ni huu ushauri wa kufunga kumfikia mtu mwenye dengi, ana homa, anatapika, na tiba yake kubwa ni maji na vinywaji vya kutosha. Huyo mpeni uji, mpeni madafu, mpelekeni hospitali.