Barua Inayomchungulia Msomaji

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana wa kampuni moja ya bima ya afya. Mpole, adabu tele. "Dada, habari za asubuhi? Naona ile barua pepe yetu umeifungua mara tatu, ya mwisho jana usiku. Umekwama wapi nikusaidie?"

Nikakosa la kumjibu. Usiku huo saa tano nilikuwa kitandani, mtoto kalala ubavuni, napiga hesabu kama ile ada tutaimudu. Hata mume wangu nilikuwa sijamwambia.

Wanavyofanya ni hivi. Ndani ya barua hutiwa kipicha cha nukta moja tu, kisicho na rangi, ambacho jicho haliwezi kukiona. Chenyewe kinakaa kwenye seva yao, yaani kompyuta yao ya mtandaoni, na kiungo chake kina namba uliyopewa wewe peke yako. Ukifungua barua, simu yako inakwenda kukichukua, na huko inaandikwa: fulani kafungua, saa fulani, kwa simu ya aina fulani, pengine hata mji alioko.

Wenye biashara wanasema wanapima tu kama barua zao zinasomwa. Sikubali. Kujua watu wangapi wamefungua ni jambo moja. Kujua mimi niko macho saa tano usiku ni jambo jingine kabisa. Tarishi angeleta barua, kisha arudi kuchungulia dirishani kama unaisoma, mtaa mzima ungemjia juu.

Kinga zipo. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzivuta picha mapema, mtumaji asijue umesoma lini. Gmail tangu 2013 huzipitisha kwenye seva zake, kwa hiyo ulipo hapaonekani, lakini kufungua bado kunaonekana. Afadhali uingie kwenye mipangilio uiambie iulize kwanza kabla ya kuonyesha picha za nje. Nimefanya hivyo kwenye simu yangu na ya mama. Mama asingejua hata pa kuanzia, na ndicho kinachoniuma: kwa nini mzigo huu abebe anayechunguliwa?

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani. Barua ile niliisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Hakuna hata mstari mmoja.

Nimewaandikia: mmeandika nini kunihusu, tangu lini, na nani mwingine anakiona? Leo ni siku ya sita, bado nasubiri.