Mbawakawa mpya atunzwe wapi?

Spishi mpya ya mbawakawa wa mavi ikitangazwa, mimi hutafuta mstari mmoja tu: holotaipu imewekwa wapi? Huyo ndiye mdudu mmoja anayebeba jina. Amechomwa pini kwenye bawa gumu la kulia, na chini yake vijikaratasi: alikookotwa, tarehe, aliyemwokota, na kimoja chekundu. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, tangu mwaka 2000, zinataka mwandishi autaje mkusanyo atakamokaa. Zinataka pia ataje mahali ulipo, lakini hazilazimishi uwe nchi gani.

Wanaotaka apelekwe kwenye makumbusho ya London au Paris wana hoja nzito. Skarabu, familia ya mbawakawa hawa, ina spishi zaidi ya 30,000, na holotaipu nyingi za Afrika zilichukuliwa enzi za ukoloni, bado ziko huko. Mbawakawa wawili huweza kufanana rangi, pembe na hata vitone vya mgongoni, wakatofautiana umbo la kiungo cha uzazi cha dume, kinachotolewa kwa kibano na kutazamwa kwa hadubini. Hapo unawahitaji wote wawili mezani. Picha haitoshi, hata iwe safi vipi.

Lakini nani hasa anahitaji kulinganisha? Miaka ya 1970 watafiti waliofanya kazi Afrika Mashariki walihesabu mbawakawa wapatao 16,000 kwenye kilo moja na nusu ya mavi ya tembo, ndani ya saa mbili. Hao ndio wanaofukia mavi na kupunguza nzi. Dawa ya minyoo kama ivermectin, ikitoka na mavi ya ng'ombe, huua mabuu wao. Anayetaka kujua ni spishi ipi inapungua malishoni ni mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anayefika makumbusho ya taifa ya Museum Hill kwa miguu. London anahitaji viza na nauli. Kwa hiyo naegemea Nairobi.

Moto wa makumbusho ya taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, wa Septemba 2018 uliteketeza mkusanyo mkubwa wa wadudu, na hofu hiyo siidharau. Ndiyo maana parataipu, wale wenzake ambao mwandishi aliwatumia pia kuielezea spishi, wagawiwe makumbusho ya nchi kadhaa.

Panaponiwia vigumu ni pale alipopatikana mmoja tu. Huyo ningekubali aazimwe nje, kwa maandishi yenye tarehe ya kurudi.