Miaka 43, bahasha mkononi

Wiki iliyopita, kwenye steshenari moja karibu na Nyerere Square, mama mmoja alikuwa anatoa nakala za vyeti ili avipeleke kwa wakili vikagongwe muhuri. Cheti chake cha kidato cha nne kimekunjwa mara nyingi hadi mkunjo umefuta herufi mbili za jina. Ni fundi cherehani Majengo, miaka 18 sasa. "Mwanangu, miaka 43 bado wananipokea?" akamuuliza kijana wa kompyuta. Akajibiwa kwamba tangazo la ajira serikalini linasema umri usizidi 45.

Hapa Dodoma swali lake ni la wengi. Wizara ziko Mtumba, Sekretarieti ya Ajira iko papa hapa, na kila ukipanda daladala kuna anayezungumzia usaili. Kuomba kupitia mfumo wa ajira hakuna ada, na ukifaulu usaili nafasi zikawa hazitoshi, jina huhifadhiwa kwenye kanzidata. Mshahara una bima ya afya na unakopesheka benki. Kwa mama anayesomesha, hayo si mambo madogo.

Lakini hesabu ya umri nayo ipo. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Anayeingia akiwa na 45 anaifikia akiwa ukingoni kabisa.

Gharama kubwa zaidi naiona kwingine. Nimewaona mafundi wakikataa oda ya sare za shule mwezi Desemba kwa kuwa "huenda nikaitwa". Wateja wa Januari hawasubiri, wanahamia kwa jirani, na mwakani hawarudi. Hapo kusubiri kumekula mtaji.

Hata hivyo simuungi mkono anayesema "achana na Serikali, jiajiri". Mara nyingi anayesema hivyo analipwa kila mwezi. Ushonaji wa mji huu unategemea msimu. Zabibu na alizeti zikiuzwa vizuri, watu wanashona. Mvua zikikatika mapema, cherehani inalala wiki nzima, na kodi ya fremu haijui mvua.

Kinachoniuma ni kwamba ndani ya ile bahasha hapakuwa na karatasi hata moja inayosema huyu mama anajua kushona. Miaka 18 haimo! VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Cheti hicho kinamfaa akiomba kazi ya ufundi, na kinamfaa pia akitafuta oda ya sare za shule nzima. Kinamgharimu ada na siku za kuacha cherehani, na hakimletei mteja mlangoni. Bado ningeanza nacho kabla ya nakala nyingine kumi za kidato cha nne.

Kwa hiyo aombe, miaka miwili iliyobaki ni haki yake, ila oda za Desemba azipokee. Na aliyejiajiri anaweza kujiandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, akachangia mwenyewe. Angeanza mwezi huu, miezi yake 180 ingekuwa imeanza kuhesabika leo, akiwa na 43, barua ya usaili ije au isije.